Jinsi ya kukalimani hospitalini Marekani, hasa mgonjwa anapokuwa ametoka Kongo

Mwongozo huu ni wa Mtanzania au Mkenya anayeishi Marekani, anayekimudu Kiingereza, na ambaye ameshaombwa au ataombwa kukalimani hospitalini. Wagonjwa wengi utakaokutana nao hawakutoka Dar es Salaam wala Mombasa. Ni Wakongomani wa Kivu, Katanga na jimbo la Kongo liitwalo Tanganyika, waliokaa miaka mingi katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu mkoani Kigoma, Kakuma kule Turkana au Nakivale nchini Uganda. Wengine ni Warundi waliokimbia vita vya 1972, ambao Marekani ilianza kuwapokea kutoka kambi za Tanzania mwaka 2007. Kiswahili chao ni lugha kamili yenye kanuni zake. Nalisema hili mapema kwa sababu nimewasikia wakalimani wakimsahihisha sarufi mama aliyelala kitandani, na jambo hilo linaniumiza sana. Mtu akiambiwa anasema vibaya, huanza kujibu "ndiyo" kwa kila swali ili yaishe, na daktari huandika ndiyo hizo kwenye faili.

Hatua ya 1: Ijue haki ya mgonjwa na uandae cheti chako

Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na kifungu cha 1557 cha sheria ya huduma za afya ya 2010. Inapaswa kumpa mgonjwa mkalimani mwenye sifa, na mgonjwa halipi chochote. Mtoto hatumiwi kukalimani, isipokuwa kwa dharura, pale ambapo mkalimani hapatikani kwa wakati. Amri ya Rais ya mwaka 2000 kuhusu huduma za lugha ilifutwa Machi 2025, lakini sheria hizo mbili hazikufutwa pamoja nayo. Ukikuta msichana wa miaka 12 anamweleza mama yake habari za uvimbe kwenye kizazi, sema kwa upole kwamba wewe umefika na yeye apumzike.

Upande wako, tafuta mafunzo ya saa zisizopungua 40, maana ndicho kiwango kinachotakiwa kabla ya mtihani. CCHI, shirika la Marekani linalowapima wakalimani wa afya, linatoa cheti cha CoreCHI kwa wakalimani wa lugha yoyote, kwa kuwa mtihani wake unafanywa kwa Kiingereza.

Hatua ya 2: Zoeza sikio

Sikiliza matangazo ya Kiswahili ya Radio Okapi, redio ya Kongo. Bora zaidi, nenda kwenye ibada za Wakongomani mjini kwako, ukae na wazee baada ya ibada. Utasikia "batu", "bintu", "mutoto", na tarakimu za Kifaransa zikipita katikati ya sentensi. Andika usiyoyaelewa. Jambo moja ulishike kabla hujavuka mlango wa hospitali: mgonjwa wa Bukavu akisema alikwenda kwa "munganga", amekwenda kwa daktari. Ukimwambia muuguzi kwamba alikuwa kwa mganga wa kienyeji, umembadilishia historia yake yote ya matibabu.

Hatua ya 3: Hakikisha Kiswahili ndiyo lugha yenyewe

Ratiba itaandika "Swahili" kwa sababu ndivyo alivyojibu kwenye fomu siku aliyowasili. Huenda lugha anayoota nayo ni Kibembe, Kifuliiru, Kinyarwanda au Kirundi, na Kiswahili ni cha soko na kambi. Usimuulize kama anakijua. Atasema anakijua, kwa heshima tu. Muulize wamefikaje leo, nani amemleta, barabara ilikuwaje, kisha umsikilize. Akiishia kwenye neno moja moja au akimgeukia mwanawe kila mara, mwambie muuguzi mbele ya wote kwamba mkalimani anashauri atafutwe mtu wa lugha nyingine. Utakosa malipo ya saa hiyo. Ikubali hasara hiyo.

Hatua ya 4: Jitambulishe na uchague pa kukaa

Utangulizi uwe mfupi. Mimi husema hivi: "Jambo mama. Mimi ni mkalimani. Yote utakayosema nitamwambia daktari, na yote atakayosema nitakuambia. Sitaongeza, sitapunguza. Hayatatoka humu." Usishangae asipojibu shikamoo kama bibi yako wa Tanga. Wengi wao hawakukulia kwenye salamu hiyo.

Kaa pembeni ya mgonjwa, nyuma yake kidogo, ili yeye na daktari watazamane. Kama mgonjwa ni mzee na wewe ni msichana, au kinyume chake, uliza mapema kama atapenda usimame nyuma ya pazia wakati wa kupimwa. Swali hilo dogo humwondolea aibu ambayo asingethubutu kuitamka.

Ukizungumza, chukua nafsi ya msemaji. Mama akisema "tumbo linaniuma," daktari asikie "tumbo linaniuma," wala usiseme "anasema tumbo linamuuma." Ukitaka kusema la kwako, jiite mkalimani, na uliseme kwa lugha zote mbili ili asiwepo anayebaki akijiuliza mnanong'ona nini.

Hatua ya 5: Saa, siku na tarehe

Hapa ndipo watu wanapoumizwa kwa maneno. Muuguzi akitaja saa ya Kizungu yenye namba nane asubuhi, kwako ni saa mbili asubuhi. Mkalimani aliyechoka hutamka "saa nane", na dawa ya asubuhi inanywewa mchana. Kwa Wakongomani kuna ugumu wa pili: wengine huhesabu saa kama sisi, wengine husoma saa kama Wafaransa, na wengine huchanganya, hasa waliosoma mjini. Kwa hiyo saa peke yake haitoshi. Ifunge na kitu cha siku yake: jua likishatoka, kabla ya kulala, pamoja na chakula cha jioni. Kisha mwonyeshe kwenye simu yake namba itakayoonekana wakati huo.

Siku nazo zina mtego. Kwa Mswahili usiku hutangulia mchana wake. Mgonjwa wa upasuaji akiambiwa asile kuanzia saa sita usiku wa Alhamisi, anaweza kufunga siku isiyo yake, au akala usiku ambao hakutakiwa kula. Mwombe muuguzi ataje tarehe ya upasuaji, halafu useme: "Usile kitu kuanzia saa sita usiku wa kuamkia Ijumaa, siku ya kupasuliwa." Kama bado kuna shaka, taja mlo: "Chakula cha Alhamisi jioni ndicho cha mwisho."

Tarehe za Kimarekani hutanguliza mwezi. Kadi ya miadi iliyoandikwa 3/7 ni ya mwezi wa tatu, tarehe saba; mgonjwa ataisoma kama tarehe tatu mwezi wa saba, na miezi minne itapita. Msomee kadi kwa sauti kabla hajaikunja. Mwishoni pendekeza kwa muuguzi kwamba amwombe mgonjwa aeleze kwa maneno yake atakunywa nini na lini. Swali litoke kwa muuguzi, maana mafundisho ya dawa ni yake.

Hatua ya 6: Undugu na mambo ya siri

Daktari akiuliza kama baba alikuwa na sukari, mgonjwa anaweza kumtaja baba mdogo aliyemlea, na hajasema uongo. Lakini daktari anatafuta undugu wa damu. Fasiri jibu kama lilivyo, kisha omba nafasi: "Mkalimani anaeleza kwamba neno hili linawagusa pia ndugu wa baba. Ungependa kuuliza kama ni baba mzazi?" Kwa kaka na dada, "wa tumbo moja" husaidia, ila bado uliza baba ni yuleyule.

Kwa maswali ya unyumba, wengi hukimbilia "tendo la ndoa". Neno hilo linasitiri, lakini binti asiyeolewa akiulizwa kwa namna hiyo atakana kwa haki kabisa. Nauliza kama amelala na mwanamume, kwa sauti ya kawaida, bila kutazama chini. Ukiona haya wewe, yeye ataona mara mbili.

Hatua ya 7: Fomu

Fomu fupi unaweza kuisoma kwa Kiswahili papo hapo, muuguzi akiwepo. Fomu ndefu ya ridhaa ya upasuaji mwombe daktari aieleze mwenyewe, wewe ufasiri. Usibaki peke yako na mgonjwa na kalamu.

Hatua ya 8: Chumba cha kusubiri

Hii ndiyo ngumu kuliko zote kwetu sisi. Mama amekusikia lugha, tayari wewe ni mwanawe. Atakusimulia njia ya kutoka Uvira, watoto waliobaki, na katikati ya hayo atakuambia damu inatoka na hajamwambia mtu. Daktari akitoka, nawe toka, usubiri nje ya mlango, na mweleze mama mapema kwamba ndiyo kanuni ya kazi, hujamkimbia. Akianza kukueleza ugonjwa, mwambie: "Mama, hilo ni zito. Daktari akirudi mwambie, nami nitalifikisha lote." Usimpe namba yako ya simu, usimpakie kwenye gari lako, na usimpe ushauri wa dawa. Muuguzi akirudi, mwambie kwamba mama anahitaji msaada wa usafiri au mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Hospitali nyingi wanaye, na anaweza kufanya mengi kuliko wewe.

Hatua ya 9: Baada ya kikao

Karatasi ulizoandikia namba na majina ya dawa zichanwe kwenye mashine ya hospitali kabla hujaondoka. Kwenye daftari lako la maneno ingiza neno tu, bila jina la mtu, kijiji wala ugonjwa wake. Sheria ya HIPAA ya 1996, inayohusu siri za afya za mgonjwa, inamlinda. Na ukiwa garini ukatambua kwamba kipimo cha dawa umekitaja vibaya, usingoje kesho: piga simu wodini, omba muuguzi wa zamu, taja namba uliyosema na namba sahihi, na uwaombe wampigie mgonjwa wewe ukiwa kwenye laini.