Angalia betri kabla ya bei
Ukikuta kompyuta ya zamani yenye chipu ya 386 au 486 kwa wauza skrapu wa Katwe, Kampala, fungua kasha kwanza (nimejifunza kwa hasara). Tafuta kwenye bodi (ubao mkuu wa saketi) betri ya kipipa, nyingi ni za buluu, umulike miguu yake kwa tochi ya simu. Ukungu wa kijani? Imevuja. Hata ikiwa kavu, ikate siku hiyohiyo. Majimaji yake ni alkali, ndiyo maana siki kwenye mswaki mkuukuu huyamaliza. Suuza kwa spiriti, anika. Bila betri, mashine itasahau saa na aina ya diski, uiambie upya kila ukiwasha. Ila njia za shaba za bodi zikishaliwa, siki haifui dafu. Hapo mimi huchukua kibodi tu.