Mji Ukimeza Vijiji: Namna ya Kukadiria Watumishi wa Kuongeza

Halmashauri ya mji hapa Tanzania ikipanua mipaka na kuingiza vijiji, wengi hukimbilia kuhesabu wakazi wapya. Anza na idadi ya mitaa. Kijiji chenye vitongoji vinne kina Mtendaji (mtumishi wa kuajiriwa anayesimamia kijiji au mtaa) mmoja tu, kwa sababu kitongoji huongozwa na mwenyekiti wa kuchaguliwa. Vitongoji hivyo vikigeuzwa mitaa, kila mtaa utadai Mtendaji wake, ofisi na muhuri. Vijiji sita vya aina hiyo vitakutoa watendaji 6 hadi 24, na hajaongezeka mkazi hata mmoja. Ndiyo maana afisa utumishi lazima awepo kwenye kikao cha kugawa mitaa, kabla mapendekezo hayajapanda TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Vitongoji viwili vyenye kaya chache vinatosha kuwa mtaa mmoja.

Kisha toa kwenye hesabu wasio wako. Polisi na Zimamoto wako Wizara ya Mambo ya Ndani. Barabara za mitaa ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na maji yatatoka RUWASA, wakala wa maji vijijini, kwenda mamlaka ya maji ya mji. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani mtu anaponunua umeme, tangu 2021, kwa hiyo usiombe wakusanyaji wake. Kazi yako hapa ni kuwaandikia wote mapema, nao wajipange.

Kwa kituo cha afya, kadiria kwa saa. Nafasi moja inayofanya kazi usiku na mchana ina saa 168 kwa wiki. Mtu mmoja akifanya saa 45, unahitaji karibu wanne. Weka likizo ya siku 28, ugonjwa na mafunzo, wanakuwa watano. Anayepanga watatu atajikuta na zamu zisizo na muuguzi.

Taka hupimwa kwa safari za gari. Lori lililokuwa likienda dampo mara nne kwa siku linaweza kubaki na safari mbili likitumwa pembezoni, na hapo lori lilelile na wapakiaji walewale wanabeba nusu ya mzigo. Ukimpa mkandarasi kazi hiyo, bado unahitaji afisa afya wa kumsimamia. Upimaji wa viwanja ni mzito miaka ya mwanzo tu; afadhali mkataba kuliko ajira ya kudumu. Maafisa ugani wabaki: mashamba hayatoweki siku tangazo linapotoka kwenye Gazeti la Serikali.

Kinachokwamisha zaidi ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na nafasi isiyoingizwa kwenye ikama (orodha ya nafasi za kazi zinazotakiwa) na bajeti haipati kibali cha ajira cha Ofisi ya Rais, Utumishi. Walimu na wauguzi waliopo watahamia kwako kutoka halmashauri jirani. Dai majalada yao, orodha ya madeni yao ya likizo na uhamisho, na tarehe ya kuhamisha mishahara. Linganisha orodha ya mishahara na watu waliopo kituoni, jina kwa jina, kabla ya kusaini makabidhiano.