Kabla ya begi, kadi ya manjano

Ndugu zangu mnaosafiri kupitia Entebbe, anzeni na chanjo ya homa ya manjano. Kadi yake huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo ukichanjwa wiki ya safari umeshachelewa. Habari njema ni kwamba inatosha maisha yako yote; ipige picha, kisha uiweke pamoja na pasipoti.

Dawa na pawabenki zikae kwenye begi la mkononi. Ila ile siagi ya karanga ya mama, tafadhali, itie kwenye sanduku kubwa! Viwanja vingi huihesabu kama kimiminika, na kopo linalozidi mililita 100 huachwa kwenye ukaguzi. Inauma sana. Plagi zetu za pini 3 zinaingia Uingereza. Ufaransa na Ujerumani utahitaji adapta.