Wiki nzima botini Scapa Flow kwa sie tuliozoea maji ya Mnemba, Zanzibar

Kwanza tuwekane sawa, nikisema mzamiaji hapa sio yule wa kujificha kwenye meli bandarini Dar akaibukie Ulaya, nasema mtu wa kupiga mbizi na mtungi mgongoni. Wabongo na Wakenya kadhaa huku Uingereza tumejiunga na klabu za BSAC, chama cha wapiga mbizi wa Uingereza, na kila klabu ikitangaza wiki ya Scapa Flow naulizwa maswali yale yale, basi ngoja niandike mara moja yaishe.

Scapa Flow iko Orkney, kaskazini mwa Scotland, bahari iliyozungukwa na visiwa. Tarehe 21 Juni 1919 Wajerumani walizamisha meli zao wenyewe pale, Admirali Ludwig von Reuter ndo alitoa amri maana hakutaka Waingereza wazichukue, kati ya meli 74 zilizokuwa zinashikiliwa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia 52 zikaenda chini. Nyingi zilikuja kunyanyuliwa zikauzwa chuma chakavu ila kubwa 7 bado ziko chini, manowari nzito 3 na kruza (meli za kivita nyepesi) 4, na hizo ndo tunazifuata.

Boti zinaondokea Stromness, zinabeba watu 12 hivi, Jumamosi mpaka Jumamosi, unalala humo humo, mbizi mbili kwa siku. Klabu inakodi boti nzima kwa hiyo ukilipa advansi halafu ukajitoa dakika za mwisho, wenzio ndo wanagawana pengo lako. Ilishatutokea na hatukucheka. Kuhusu mwezi: Aprili maji ni kama digrii 7, Agosti na Septemba yanafika 13 hivi. Najua, Mnemba yakishuka 25 tunalalamika. Mara ya kwanza nenda Septemba, ushujaa utauonyesha mwaka mwingine.

Sasa draisuti. Wetisuti, ile inayoingiza maji, sahau kabisa. Draisuti haikupi joto yenyewe, inakukinga tu na maji, joto linatoka kwenye nguo za ndani, kwa hiyo usimalize hela yote kwenye suti halafu ndani ukavaa trakisuti ya pamba, pamba ikilowa jasho umekwisha. Vaa sufu au zile za kitambaa kinachokausha jasho, juu yake ovaroli nene ya ndani. Ukivaa nene unaelea zaidi, maana yake vipande vya risasi unavyofunga kiunoni ili uzame vinaongezeka, na hesabu hiyo usiende kuifanyia Orkney. Nenda Stoney Cove kule Leicestershire, machimbo ya zamani yaliyojaa maji, piga mbizi kumi na vifaa vile vile utakavyosafiri navyo mpaka mkono uwe unatafuta vali ya kutolea hewa bila kufikiri, maana hewa ikikimbilia miguuni unapandishwa juu kama boya, kichwa chini. Beba na mpira wa akiba wa kuziba maji shingoni na mikononi mwa suti, inachanika Jumatatu asubuhi siku zote, sijui kwa nini.

Regyuleta, kile kifaa cha kupumulia kutoka kwenye mtungi, iwe ya maji baridi, iliyopimwa kwa maji ya chini ya digrii 10, na uwe na mbili zinazojitegemea. Baridi inagandisha unyevu ndani, hewa inaanza kumwagika yenyewe haikomi na mtungi unakauka hivi hivi unauona. Usiipulizie pulizie ukiwa bado juu kwenye upepo, na usijaze hewa kwenye suti huku unavuta pumzi kwa nguvu.

Ila nikwambie ukweli, baridi inayowamaliza watu sio ya majini, ni ya saa mbili tatu za kukaa juu kati ya mbizi na mbizi. Mtu anatoka chini anapiga stori na suti mbichi upepo unampiga, mbizi ya pili anatetemeka hata kabla hajaruka, na mwili uliopoa unachelewa kutoa naitrojeni, gesi inayojikusanya mwilini ukiwa chini. We ukipanda tu vua, kausha kichwa, vaa kofia ya sufu, chai. Kama unakula halali mwambie nahodha mapema kabla hawajanunua chakula cha wiki. Na kwa wanaoswali, ukienda mwezi wa sita jua linazama kama saa nne na nusu usiku, jipange.

Mpangilio wa mbizi mwachieni nahodha ila msimlazimishe kuanza na manowari. Zile zimelala kifudifudi, mita 38 mpaka 45, giza, na mtu akiiona mara ya kwanza anadhani ni ukuta. Anzeni na kruza, Karlsruhe kwenye mita 25 hivi, imebomoka sana lakini inakuzoesha, halafu Cöln, imelala ubavu na bado ina umbo la meli, mi kwangu ndo bora kuliko zote. Mnashuka na kupanda kwa kamba ya boya, ukiipoteza rusha juu boya lako dogo lenye uzi wa rili upande taratibu, boti itakufuata. Burra Sound kuna meli zilizozamishwa makusudi kuziba mlango wa bahari, maji ni mafupi ila mkondo mkali balaa, mnaingia pale maji yanaposimama tu, na kama ni bamvua muda unakuwa mfupi zaidi.

Usiokote kitu. Zile 7 zinalindwa na sheria tangu 2001, hata msumari acha. Na Royal Oak, manowari ya Waingereza iliyopigwa na nyambizi ya Wajerumani U-47 Oktoba 1939, ni kaburi la watu zaidi ya 800, kuzamia hapo marufuku, mkipita mnapunguza sauti tu.

Mbizi ya mwisho iwe Ijumaa asubuhi, na kama unarudi na ndege acha masaa 24 yapite. Mi huwa nachukua feri ya Stromness kwenda Scrabster, dakika 90, nakaa upande wa kushoto nione Old Man of Hoy, jiwe la mita 137 limesimama peke yake baharini, na soksi kavu miguuni.