Gauni la mfongo: rangi ya mbegu za parachichi na maji ya kutu

Wateja wengi hapa Moshi wakitaka gauni lenye hadithi, wanategemea Mlima Kilimanjaro uchapwe kifuani. Mimi naanzia kwingine: hadithi ndiyo inayoamua rangi na mshono. Tuchukue mfongo, ule mfereji wa jadi unaoshusha maji kutoka msituni hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba.

Kwanza, chagua tendo moja. Historia ya ukoo mzima haienei kwenye mita tatu za kitambaa. Hapa ni maji yanayoteremka, basi.

Pili, chukua amerikani, pamba tupu, uichemshe saa nzima na magadi kidogo ili mafuta na wanga wa kiwandani vitoke. Suuza sana, la sivyo rangi itashika mabaka.

Tatu, pima mbegu za parachichi ziwe na uzito sawa na kitambaa kikavu. Katakata, chemsha saa moja kwa moto mdogo katika sufuria ambayo hutapikia chakula tena. Moto mkali huleta kahawia, na sisi tunataka waridi. Chuja, tumbukiza kitambaa kilale humo usiku kucha, kisha anika kivulini.

Nne, na hapa usiwe na haraka. Wiki moja kabla uwe umeloweka misumari yenye kutu kwenye siki na maji, kifuniko kisikazwe. Chuja maji hayo, uyachanganye na uji mzito wa muhogo yasitambae. Kata gauni, kifua na sketi uviunge kiunoni kwa bandi, mshono wa muda, ndipo uchore, maana mstari ukikatika kwenye mshono maji nayo yamekatika. Anza bega la kushoto, shuka bila kuinua brashi. Waridi itageuka kijivu papo hapo, kisha karibu nyeusi: tanini, ile dawa ya asili ya mbegu za parachichi, imekutana na chuma. Kwenye sketi gawa mstari matawi mawili, na upande mmoja uache mtupu kabisa. Maji ya mfongo huenda kwa zamu, na kihamba hicho zamu yake haijafika.

Paka kwa wepesi, kwani kutu ikizidi inakula pamba. Ikikauka, suuza, kisha shona mshono wa kudumu.

Mwambie mteja afue kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, na ndimu isiguse gauni, inafuta mstari.