Somo: Kupiga rangi plastiki na reksini za ndani ya gari yako mwenyewe

Asalamu alaykum ndugu zangu.

Mwaka juzi nilipiga rangi paneli za milango za Noah yangu hapa Chake Chake. Zilitoka nzuri mpaka jirani akadhani nimenunua mpya. Haikufika miezi miwili, pale ninapoweka kiwiko rangi ikaanza kubambuka vipande vipande, na ukikwangua kwa kucha inatoka kama utando. Rangi yenyewe ilikuwa nzuri na kupuliza nilipuliza taratibu. Kosa lilikuwa chini ya rangi: dawa ya kung'arisha dashibodi, ile tunayopakiwa kila tunapopeleka gari kuoshwa.

Dawa hizo nyingi zina silikoni. Zinang'arisha kweli, lakini silikoni hukaa ndani ya vinyweleo vya plastiki na sabuni ya mara moja haiitoi. Ukipuliza rangi juu yake, ama rangi inajikusanya na kuacha vidoa vya mviringo kama macho ya samaki, ama inatulia siku ile halafu inakuja kubanduka wakati umeshasahau. Kwa hiyo msinishangae nikikaa sana kwenye kuosha. Mara ya pili nilitumia siku nzima kusafisha na saa tatu tu kupuliza, na paneli zile zipo mpaka leo.

Hatua ya kwanza: jua unapiga rangi kitu gani

Geuza kipande uangalie mgongoni. Viwanda vingi hupiga muhuri mdogo wa herufi katikati ya vimshale viwili. Ukiona >ABS<, hiyo ni plastiki ngumu inayokubali rangi bila taabu. Ukiona >PP<, au PP ikifuatwa na herufi nyingine, hiyo ni polipropilini. Ina asili ya kuteleza, rangi haiipendi, na bila praima ya plastiki, yaani rangi ya chini ya kushikizia, utapoteza pesa zako. Sehemu nyingi za chini za milango na nguzo za ndani ni za aina hii. Reksini ndiyo ile laini inayofunika viti, sehemu ya kuwekea mkono na pengine uso wa dashibodi. Hiyo inakunjika, kwa hiyo inataka rangi inayokunjika nayo. Dukani ulizia rangi ya reksini, na usome kwenye kopo (namaanisha lile la kubonyeza na kupuliza) kwamba ni ya vinaili na plastiki. Rangi ya kopo ya kupigia mageti ikikauka huwa ngumu, na mtu akikaa juu ya kiti inapasuka.

Hatua ya pili: fungua

Usipige rangi kitu kikiwa garini kama kinafunguka. Skurubu za mlango kwa kawaida zimejificha nyuma ya mkono wa kufungulia na chini ya kishikio, chini ya vifuniko vidogo. Klipsi zitoe kwa kijiti kigumu au bisibisi uliyoizungushia tepu, ukianzia pembe ya chini. Piga picha kwa simu kabla ya kila hatua. Mimi hutenga kifuu cha nazi kwa kila mlango, skurubu za mlango ule zinakaa mle mle, hazichanganyiki.

Hatua ya tatu: osha, kisha osha tena

Tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika maji ya uvuguvugu, chukua mswaki mgumu, usugue kufuata mistari ya plastiki. Udongo wetu mwekundu hujificha kwenye vile vipele vidogo, na hautoki kwa kitambaa. Suuza, uoshe mara ya pili. Maji ya mwisho yasiwe ya kisima chenye chumvi. Chumvi ikibaki chini ya rangi huvuta unyevu, na rangi hufura malengelenge. Tumia maji ya mvua au ya kunywa, lita mbili tatu zinatosha.

Kikikauka kabisa, ndipo unaingia kazi ya silikoni. Nunua dawa ya kuondolea grisi wanayotumia wapiga rangi wa magari, au spiriti safi ya isopropili. Spiriti za dukani nyingine zimetiwa mafuta ili zisikaushe ngozi, kwa hiyo zijaribu kwanza: dondosha tone juu ya kioo, liache likauke. Likiacha utando, hiyo si ya kazi hii.

Shika vitambaa viwili vyeupe. Kimoja kimelowa dawa, kingine kikavu. Paka kwa cha kwanza, na kabla haijakauka futa kwa cha pili. Ukiiacha ikauke yenyewe, silikoni iliyoyeyuka inarudi kukaa pale pale, umeihamisha tu. Geuza kitambaa kila mara, utupe kikichafuka, uendelee mpaka kitambaa kitoke cheupe kama kilivyoingia. Paneli moja ilinila vitambaa sita.

Petroli msitumie. Inaacha mafuta, inalegeza reksini, na moto wake mnaujua. Tina kali, ile ya kuzimulia rangi, nayo msiipake juu ya ABS, inayeyusha uso wake mpaka unanata. Na hapa Pemba niseme jambo ambalo wa kwengine hawalihitaji: mafuta ya karafuu yanakula baadhi ya plastiki. Kichupa kilinivujia ndani ya konsoli, kile kisanduku cha katikati ya viti, nilipokuja kuangalia sehemu ile imekuwa laini, kidole kinaacha alama. Plastiki iliyoliwa hivyo haiponi kwa rangi. Tafuta kipande kingine kwa wauza vipuri vya mitumba.

Hatua ya nne: msasa

Msasa unakuja baada ya kuosha, kamwe si kabla, maana ukikwangua juu ya silikoni unaishindilia ndani ya mikwaruzo. Plastiki laini inayong'aa ipige msasa wa maji namba 400, umalizie na 600, mpaka mng'ao wote ufe. Plastiki yenye vipele usiisawazishe. Sugua kwa sponji ya kukwaruzia na sabuni, kwa mkono mwepesi, ili vipele vibaki. Reksini isipigwe msasa kabisa, brashi laini inatosha. Suuza tena, kausha, rudia vile vitambaa viwili.

Hatua ya tano: praima

Kwa polipropilini tu, au pale ambapo hukuona muhuri wowote. Puliza mkono mmoja (yaani tabaka moja) mwembamba wa praima ya plastiki, halafu fuata muda ulioandikwa kwenye kopo. Nyingi hutaka rangi ije ndani ya dakika chache. Ukienda kula chakula cha mchana na kusali ndipo urudi, nguvu yake imeshakwisha. Reksini haitaki praima ngumu.

Hatua ya sita: kupuliza, na hali ya hewa yetu

Maelezo mengi ya kazi hii yameandikwa kwa nchi kavu. Sisi tumezungukwa na bahari. Rangi ya kopo ikiruka hewani, ile tina yake inageuka mvuke na kupoza uso wa kipande, unyevu wa hewa unatua juu yake kama umande, na rangi inageuka nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Kama mvua imenyesha au mawingu yamefunga, ahirisha. Masika nzima mimi sipigi rangi. Nachagua siku kavu za kusi au kaskazi, kuanzia saa nne asubuhi umande ukishakwisha hadi kama saa tisa alasiri. Na kivulini: plastiki iliyoiva juani hukausha rangi kabla haijatua, uso unabaki na chenga kama mchanga. Kusi ina upepo, kwa hiyo jikinge na ukuta, vumbi lisije likakukalia juu ya rangi mbichi.

Jiko la mkaa, sigara, na mtu anayechomelea vyuma wasiwe karibu. Barakoa ya karatasi haizuii mvuke wa rangi, vaa yenye vichujio vya mkaa. Fanya nje au kwenye banda lililo wazi pande mbili, si chumbani.

Tikisa kopo, na ukisikia kigololi kinagonga, endelea dakika mbili zaidi. Jaribu kwanza mgongoni mwa kipande. Kaa umbali wa sentimita 20 hadi 25. Anza kupuliza nje ya kipande, pita juu yake kwa mwendo mmoja, uachie ukiwa umeshatoka upande wa pili. Mstari unaofuata ufunike nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza uwe vumbi tu, rangi ya zamani ionekane chini. Hapa ndipo wengi wanakosa subira, wanataka kufunika mara moja, rangi inachuruzika na vipele vinajaa. Ngoja dakika kumi, piga wa pili. Mitatu au minne myembamba inatosha. Makopo manne ya mililita 400 yalinitosha paneli nne na konsoli.

Juu ya dashibodi tumia rangi isiyong'aa. Inayong'aa inajiakisi kwenye kioo cha mbele, na jua la mchana likikupiga usoni huoni mtu anayekatiza barabara.

Hatua ya saba: subiri

Nusu saa ukigusa haikamati. Isikudanganye. Mimi nafunga vipande baada ya saa 24, na sivifuti kwa sabuni mpaka wiki ipite. Kabla ya kufunga, bandika tepu ya karatasi mahali pasipoonekana, ibonyeze vizuri, uivute kwa haraka. Ikitoka bure, umefaulu. Ikitoka na rangi, rudi hatua ya tatu.

Maswali ya wanachama

Mzee mmoja wa Mkoani: Mwanangu, nimebakiwa na rangi ya bodi ya gari na bunduki ya kupulizia ninayo. Siwezi kuitumia humo ndani?

Shikamoo mzee wangu. Kwenye plastiki ngumu isiyokunjika inawezekana, ukitia ile dawa ya kulainisha rangi inayotumika kwenye bampa. Kwenye reksini hapana, itapasuka. Kinachonitia hofu zaidi ni hadina, ile dawa ya kukazia rangi. Rangi zile za kuchanganywa na hadina mara nyingi zina kemikali ya isosianeti, mvuke wake unaharibu mapafu, na kuna watu hushikwa na pumu baada ya kuuvuta. Hata barakoa ya mkaa haitoshi, inatakiwa ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kwa kazi ndogo kama hii naomba utumie kopo.

Dada wa Fuoni: Dashibodi yangu inanata, vumbi lote linagandia hapo na nikiifuta kitambaa kinashika. Nikiipiga rangi itaacha kunata?

Dada yangu, haitaacha. Kunata kule ni uso wenyewe unaoharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, na rangi itakaa juu ya kitu kisichotulia. Lakini angalia kwanza kinachonata ni nini. Vitufe na vishikio vingine vilipakwa utando laini kama mpira, na ule ndio unaoyeyuka. Huo unatoka kwa spiriti ya isopropili na subira, chini yake utakuta plastiki ngumu safi, na hiyo inapigika rangi. Kama ni reksini ya dashibodi yenyewe, tengenezesha kava la kitambaa lisilofunika sehemu ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga), au tafuta dashibodi nyingine.

Dereva wa watalii, Nungwi: Viti vyangu ni reksini ya rangi ya maziwa, vimeshika madoa ya nguo za jinzi. Nivipige vyeusi?

Kutoka rangi nyepesi kwenda nzito ni rahisi, mikono miwili mitatu inafunika. Tatizo ni kwamba sehemu za makalio na ubavu wa kushukia zitachubuka, na ule weupe wa chini utaonekana kila pembe, tena na abiria wako wanaingia na michanga ya pwani na mafuta ya jua mwilini. Kwa gari ya biashara mimi ningevisha kava pale panapokaliwa, nikapiga rangi migongo ya viti na paneli tu. Ukiamua kupiga, nyoosha reksini kwa mkono wakati unapuliza, ili rangi iingie ndani ya mikunjo na mishono. Mikanda usiiguse kwa rangi, hata tone. Nyuzi zake ndizo zinazomshika mtu.

Swali la Wete: Na kifuniko cha eabegi kwenye usukani?

Kiache. Kila mahali palipoandikwa SRS, ndiyo alama ya eabegi, pawe kwenye usukani, upande wa abiria au kwenye nguzo, mara nyingi pana mstari mwembamba uliotengenezwa upasuke kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Rangi nzito huenda ikauziba ule mstari au ikaruka vipande usoni mwa mtu. Na usukani wenyewe haufai kwa rangi ya kopo, jasho la mikono linaitoa. Ushonee kava.

Mama wa watoto wawili, Kiembe Samaki: Harufu inachukua muda gani? Mtoto wangu mdogo ana miezi minne.

Kama vipande vimepigiwa rangi nje na vikakaa nje kabla ya kufungwa, harufu kubwa inaisha siku tatu nne. Ila gari iliyofungwa vioo juani huirudisha. Viache vipande barazani wiki nzima kabla ya kuvirudisha, halafu siku za mwanzo fungua milango yote robo saa kabla ya kuingia. Kwa mtoto wa umri huo, ikiwa bado unaisikia, msafiri na gari nyingine.

Kijana wa Konde: Mimi nimeshapiga na imeshaanza kubambuka. Nipige juu yake?

Hapana kaka. Ondoa yote iliyolegea. Ile isiyotoka kwa tepu ilainishe pembeni kwa msasa wa maji namba 600 mpaka usiusikie ukingo kwa kidole, kama ni plastiki ngumu. Kisha anza hatua ya tatu kama hujawahi kuosha. Na umwambie kijana anayekuoshea gari asipake ile dawa ya kung'arisha, si siku ile ya kazi tu, bali kuanzia leo, maana inayopulizwa kwenye dashibodi hewa huipeleka mpaka milangoni.