Msumeno wa meza uani kwako: cha kufunga kabla hujapasua, na lawama inaangukia kwa nani

Wazee wa mbao, hii ni ya wenye mashine nyumbani, karakana kubwa zina watu wao. Huku kwetu mbao sio tatizo, msitu wa Sao Hill uko hapo Mufindi, malori yanashuka kila siku, kwahiyo mtu akishika hela kidogo anaenda kwa fundi wa kuchomelea Makambako au Mwanjelwa anaungiwa fremu ya vyuma, mota ya mtumba, mkanda, puli mbili na bledi ya inchi 10, wiki inayofuata anapasua mbao za vitanda nyuma ya nyumba. Na inakata kweli. Ila inakuja uchi, gadi (kifuniko cha bledi) hamna, kisu cha nyuma (nitakieleza chini) hamna, inawashwa na swichi ile ile ya taa ya sebuleni.

Anza na hiyo swichi maana ndio rahisi kurekebisha. Umeme umekatika katikati ya kazi, bledi imesimama, wewe umeenda kunywa chai ukasahau kuzima, umeme ukirudi mashine inawaka yenyewe na mtoto yupo pale anachezea maranda. Mwambie fundi umeme akufungie swichi ya sumaku, ile ya vitufe viwili kijani na chekundu, umeme ukikatika inajiachia na haiwaki tena mpaka mtu abonyeze kijani. Kama una fezi tatu unaweka kontakta (swichi ya sumaku ya mota kubwa) na overlodi yake, ile inayokata mota ikizidiwa. Chekundu kikae usawa wa paja uweze kukisukuma kwa mguu, mikono yote miwili muda huo ipo kwenye mbao, utaitoa wapi ya kuzimia? Waya wa ethi pia usiruke, meza nzima ni chuma. Na wa fezi tatu, kila laini ikiguswa washa kwanza bila mbao uangalie mzunguko, fezi mbili zikibadilishana mota inageuka kinyume. Meno ya upande uliosimama wewe yanatakiwa yashuke kuelekea mezani.

Sasa kisu cha nyuma, hapa nitakaa kidogo. Watu wengi wanaogopa bledi kukata vidole, sawa, lakini kinachoanzisha balaa mara nyingi ni mbao kurushwa. Paini ya huku tunainunua mbichi, ukiipasua inajipinda papo hapo, vipande viwili vinabana bledi, na meno ya nyuma yanapanda juu, yakiinasa mbao yanainyanyua na kuirusha kifuani kwako, na mkono uliokuwa unasukuma unaingia mle mle. Mlingoti (mkaratusi) ndio usiseme, ule una hasira zake. Dawa yake ni kipande cha chuma bapa kinachosimama nyuma ya bledi kwenye mstari wake, kinazuia njia isijifunge. Kiwe kinene kuliko mwili wa bledi lakini chembamba kuliko njia inayokatwa na meno, kikae kama milimita 3 mpaka 8 toka kwenye meno, kimo chake kipungue kidogo tu chini ya ncha ya bledi. Mashine nyingi za kuungwa bledi haipandi, inapanda meza, na hapo una bahati kwasababu kisu unakichomelea bolti kwenye fremu iliyobeba shafti na hakisogei tena. Fundi yeyote mwenye grainda na vipimo anatengeneza.

Fensi nayo, ule ukingo mbao inaouegemea ikipita, pima mbele ya bledi na nyuma yake, nyuma ikiwa finyu kuliko mbele hata kidogo inabana mbao. Simama pembeni ya mstari wa bledi. Mbao ikiwa nyembamba sukuma kwa kijiti, na yule kijana wa kupokea upande wa pili mwambie ashikilie uzito tu ASIVUTE, bledi ikiirudisha mbao ghafla kwako mkono wake unafuata.

Puli watu hawazipigii hesabu kabisa. Mota ya mizunguko 2800 kwa dakika ukiifunga puli ya inchi 6 na shafti puli ya inchi 3, bledi inapata 5600. Angalia namba iliyoandikwa kwenye bledi yenyewe, usiipite. Kwa sababu hiyo hiyo bledi ya mbao haifungwi kwenye grainda, grainda ndogo inakaribia mizunguko 11,000, naona watu wanafanya hivi kila siku nashindwa hata kuongea.

Halafu kile kibaridi chetu cha Juni na Julai. Mtu wa Njombe au Mafinga anakuja kazini na koti la kamba kamba, skafu na glavu za sufu. Vua vyote karibu na kinachozunguka, glavu ikinaswa haikatiki, inavuta mkono wote. Vaa sweta la kubana, ota jua ukimaliza.

Kuna wanaoulizia ile mashine ya Marekani inayosimama ikigusa kidole, SawStop. Ni ya kweli. Bledi inabeba umeme mdogo, ngozi ikigusa mashine inatambua, kipande cha aluminiamu kinajikita kwenye meno na bledi inasimama ndani ya milisekunde 5 hivi. Kila ikifanya hivyo breki hiyo inaharibika, na bledi mara nyingi nayo inaharibika. Na mbao mbichi sana inapitisha umeme, kwahiyo kwa paini zetu za kutoka shambani jana inaweza kusimama bila kidole chochote, au uzime hiyo kinga, sasa ulilipia nini? Kwa hela hiyo mimi ningenunua mashine ya kawaida yenye kisu na gadi, chenji ninunue mbao nizikaushe.

Ila hiyo teknolojia ndio iliyowasha moto wa lawama. Mwaka 2010 baraza la wazee wa mahakama huko Boston, Marekani, liliamuru kampuni ya misumeno imlipe mfanyakazi aliyeumia mkono dola milioni 1.5, hoja ikiwa kinga ya namna hiyo ilikuwepo na wao hawakuiweka, japo na yeye alionekana kachangia kosa kwa asilimia 35.

Huku kwetu mashine kaunga fundi wa kuchomelea bila hata karatasi, utamdai nani? Kwahiyo mzigo unakurudia wewe mwenye uwanja. Ukimlipa kijana akusaidie, hata kama ni mtoto wa shangazi yako, wewe ni mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inakutaka ufunike sehemu hatari za mashine, na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ambao mwajiri anajisajili na kuchangia, kijana akiumia analipwa bila kubishana kosa la nani. Aliye chini ya miaka 18 asiguse kabisa. Karatasi ya "nimekubali mwenyewe" uliyomsainisha usiiamini sana, haifuti wajibu uliowekwa na sheria.

Mteja anayetaka kupasua mwenyewe mkatalie kwa upole, mpe kiti. Jirani anayeazima, mpasulie wewe. Ukitoka toa plagi ufungie ndani, kufuli ni bei ya soda chache. Mashine ya dukani dai risiti ya EFD na kitabu chake, kinga zilizokuja nayo usizing'oe, maana ukizing'oa mwenyewe aliyekuuzia ana pa kujitetea. Na siku ukiiuza iuze na kisu chake na gadi yake, muandikiane na mnunuzi kwamba kavipokea.